Mita Tatu na Nusu za Chumba cha Mama

Mjomba wangu ana ugonjwa wa kupima. Sawa, ndiyo kazi yake, ni mpima wa uwanja wa ndege ulio nyuma ya mtaa wetu. Lakini wapima wenzake wakifika nyumbani huacha futi mlangoni pamoja na viatu. Yeye haachi. Ukimkaribisha kiti, kwanza anatazama kiti kiko mbali kiasi gani na ukuta. Siku nilipofungua saluni yangu ya kusuka kwenye kibaraza, jamaa na marafiki waliniletea taulo, chanuo, mafuta ya nywele. Mjomba alikuja mikono mitupu, akakitazama kioo changu, akasema kimeinama upande, akakishusha, akakitundika upya, akaenda zake. Hata asante sikumpa. Mtaa mzima unamwita Futi, na mimi nikikasirika namwita hivyo hivyo, ingawa ni mdogo wake Mama, tena yule wa mwisho ambaye Mama alimbeba mgongoni na kumlea wazazi wao walipofariki.

Mama haoni. Macho yalianza kuingia ukungu nikiwa bado shuleni, na tulipopelekwa hospitali tukaambiwa mishipa ya ndani imeshakufa, hakuna la kufanya. Mwanzoni alijigonga kila mahali. Leo goti, kesho paji la uso, keshokutwa amemwagikiwa na chai. Mwishowe akagoma kutoka kitandani. Analala tu, uso ukutani, mwanamke aliyekuwa hakai chini mchana kutwa. Ndipo Mjomba akaja na futi lake, na siku hiyo sikumcheka.

Aliipanga nyumba yetu kama uwanja wa ndege. Kweli kabisa, sitanii. Kutoka kitandani kwa Mama, chumba cha nyuma, kukatiza sebule hadi mlango wa mbele, alitandika zulia jembamba lenye nyuzi ngumu ambazo unyayo unazitambua mara moja. Akasema hiyo ndiyo njia ya kurukia. Zulia jingine likachepuka kwenda jikoni na msalani. Hicho, akasema, ni kiungio, ile barabara ambayo ndege hupita polepole ikienda kuegesha. Na pande zote mbili za kila zulia, nafasi ya mkono mmoja ulionyooshwa, mtupu. Hakuna stuli, hakuna ndoo, hakuna kandambili ya mtu.

"Hili ni eneo la usalama," alinielekeza kidole. "Ndege ikiteleza ikatoka kwenye lami, isikute kitu. Umenielewa?"

"Mjomba, kwani Mama ni ndege?"

"Nimekuuliza umenielewa?"

Nilielewa. Siku nilipoacha ndoo ya kudekia karibu na zulia alinifokea mpaka mteja wangu akaona haya kwa niaba yangu. Lakini Mama aliinuka kitandani. Polepole mwanzoni, kisha kwa kasi, na baadaye ukimwona akitoka chumbani kwenda jikoni huwezi kujua kwamba haoni. Anatembea kifua mbele. Alikuwa hata na mzaha wake: akitaka kukaa kwenye kiti chake anasimama kwanza na kusema, "Mnara, naomba ruhusa ya kutua." Aliye karibu lazima ajibu, "Ruhusa." Usipojibu haketi, anakusubiri amenyamaza pale kama mtoto aliyenuna.

Sasa, uwanja wetu ulikuwa mdogo, wa ndege za mapangaboi. Ukapandishwa daraja. Mjomba alikuja kutuambia akiwa amechangamka kama mtu aliyepandishwa cheo yeye.

"Uwanja hupewa namba na herufi, Dada," alimweleza Mama. "Namba ni mbio ambazo ndege inahitaji ndipo iinuke. Herufi ni upana wa mabawa yake. Sisi tulikuwa mbili B. Sasa tunakwenda nne C. Majeti, Dada!"

"Na mimi ni daraja gani?"

"Wewe? Moja A. Mbio fupi, mabawa mafupi."

"Mabawa mafupi!" Mama akacheka. "Na nilikubeba nayo mpaka ukaota ndevu."

Tulicheka wote. Hatukujua tunacheka nini.

Maana uwanja ukipanda daraja kila kitu hutanuka. Lami ilikuwa na upana wa mita thelathini, ikatakiwa arobaini na tano. Na kwa kuwa majeti yatatua hata kwenye ukungu, rubani akiongozwa na vyombo tu, lile eneo la usalama pembeni ya lami likatakiwa kufika mita mia moja na arobaini kutoka katikati, kila upande. Humo ndani nyumba haitakiwi, mti hautakiwi, hata kichuguu. Majirani zetu walioangukia ndani waliitwa ofisini wakapewa viwanja upande wa pili wa mji. Sisi wa safu ya mpakani tukaambiwa: mnaotaka kuhama chukueni viwanja sasa, vikishagawanywa basi, hakuna vingine.

Mimi nilitaka tuchukue. Niseme ukweli, nilishachoka na kelele za ndege. Mama hakutaka. "Huko nitajifunza upya kuta za watu nikiwa na umri huu?" Tukabishana, nikamjibu vibaya, akanuna. Akaitwa Mjomba aje kuamua.

Mjomba alikuja na vyombo vyake na watu wa kumshikia mita. Walipotea huko uwanjani nusu ya asubuhi, wakarudi wakipima kuja kwetu, na Mjomba akagonga kigingi chenye kichwa chekundu nyuma ya dirisha la Mama. Kati ya kigingi na ukuta akapima mita nne.

"Mko nje," akasema. "Mita nne nje. Na urefu wa nyumba usiwape shaka, hapa ni bondeni, paa lenu halifiki hata usawa wa lami. Kaa kwako, Dada."

"Una hakika?" nilimuuliza mimi, siyo Mama.

"Wee mtoto! Hii ndiyo kazi yangu."

Basi Mama akanishika mkono, tukaenda ofisini, akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hahami. Viwanja vikagawanywa, vikaisha. Majirani wakaondoka na mabati yao na milango yao, wakituaga kwa kutuonea wivu. Nyumba zao zikabomolewa. Yetu ikabaki peke yake pembeni ya uwanda mweupe wa vumbi, na Mama akaendelea kutua na kuruka kama kawaida yake.

Ilikuwa mchana mmoja, namsuka mteja, nimefika nusu ya kichwa. Mjomba akapita mbele yetu na mabuti ya kazini yenye matope. Hakusalimia. Kioo changu kilikuwa kimeinama siku nyingi, hakukitazama, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Akazunguka nyuma ya nyumba. Nikasikia futi likivutwa, likiachiwa, likivutwa tena. Nikamwacha mteja na chanuo kichwani, nikamfuata.

Nilimkuta amechuchumaa chini ya dirisha la Mama. Uso umemsawajika, midomo imekauka.

"Mjomba, kuna nini?"

"Mstari umehama."

"Mstari gani?"

"Wa katikati."

Alinieleza akichora chini kwa kijiti, kama mtoto. Ramani ya kwanza ilipanua lami sawasawa, huku kidogo na huku kidogo, kwa hiyo katikati ilibaki palepale. Baadaye Mhandisi, yule mama anayesimamia ujenzi wote, akaona kwamba upande wa pili lami itakisogelea mno kiungio. Ndege ya mabawa mapana ikiwa inatua na nyingine inapita kwenye kiungio, zitakuwa karibu kupita kanuni. Na kiungio hakihamishiki, nyuma yake kuna majengo. Akaamua mita zote kumi na tano zije upande wetu.

"Lami ikiongezwa upande mmoja, katikati yake inahama," Mjomba alisema. "Imekuja kwetu mita saba na nusu. Na mimi mita mia na arobaini nilizihesabu kutoka ule mstari mweupe wa zamani."

"Hukuwa umeambiwa?"

Akaendelea kuchora.

"Mjomba! Hukuwa umeambiwa?"

"Niliambiwa, kabla sijaja kuwapimia. Nilikuwa kikaoni. Huo upanuzi wenyewe nimeupima mimi." Akakivunja kijiti. "Maisha yangu yote kazini nimepima kutoka mstari uleule. Siku ile nilifika uwanjani miguu ikanipeleka yenyewe, nikasimama juu yake, nikaanza. Sikufikiri hata kidogo."

Mita saba na nusu, toa nne. Hesabu hiyo hata msusi anaiweza. Mita tatu na nusu za nyumba yetu zilikuwa ndani ya uwanja wa ndege, yaani chumba cha Mama kizima, na kitanda chake, na mwanzo wa zulia lake. Na kanuni ya uwanja inasema hivi: chochote kinachoguswa na mstari kinaondoka.

Nilimtukana. Maneno niliyosema siyaandiki hapa, tena kwa mjomba wangu, laana yake ninaijua. Mteja akaja mbio na nusu kichwa chake akidhani nimevamiwa. Mjomba hakujitetea. Alisema tu, "Punguza sauti, Dada atasikia," na ndani Mama alikuwa anaimba jikoni.

Kesho yake tulikwenda kwa Mhandisi pamoja, maana sikumwamini kwenda peke yake. Ofisi yake ni kontena lenye feni. Alitupa viti, akatupa maji, akasikiliza mpaka mwisho. Sikupata hata sababu ya kumchukia.

Mjomba alijaribu kila njia. Je, uwanja hauwezi kuhesabiwa kuwa wa kutua kwenye mwanga tu? Eneo la usalama lingepungua hadi mita sabini na tano, nyumba ingepona.

"Na siku ya ukungu, Bwana Futi, ndege yenye watu nayo niiambie izunguke mpaka lini?"

Je, mstari hauwezi kupinda kidogo pale bondeni? Haupindi. Je, uwanja hauwezi kubaki daraja la chini kwa muda? Majeti yenyewe yameshapangiwa safari. Je, kiwanja? Hata kimoja, kibovu, chenye mawe?

"Vimekwisha. Nilivigawa mimi. Ninyi mlikuja mkasema hamhami." Akamtazama Mjomba, akajirekebisha. "Dada yako alikuja."

Hapo ndipo Mjomba aliposhuka kwenye kiti akapiga magoti juu ya sakafu ya kontena. Mtu mzima, na mvi zake. Nilinyoosha mkono nimwinue. Mhandisi alisimama haraka, akazunguka meza.

"Inuka, mzee wangu, tafadhali. Ingekuwa nyumba ya mama yangu ningepiga magoti kama wewe, na kigingi ningekigonga palepale. Siku ndege ikiacha lami, haitauliza chumba hicho ni cha nani."

Mjomba akabaki chini, akifikiri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na kilicho nje ya mstari?"

"Kilicho nje si changu."

"Basi nitakata."

"Utakata nini?"

"Nyumba. Chumba cha nyuma nitakikata mimi mwenyewe. Kitakachobaki ni chetu."

Mhandisi akatutazama kwa zamu. Akasema tingatinga litafika bondeni wiki inayofuata, na likikuta mstari uko wazi halitagusa kitu.

Kumwambia Mama alimwambia Mjomba mwenyewe. Nilimlazimisha. Alikaa kwenye stuli mbele yake, akaeleza yote, mstari wa zamani, mstari mpya, miguu yake ilivyomdanganya. Mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni nikiuma kidole.

"Kinachoondoka ni chumba changu?"

"Ndiyo, Dada."

"Kitanda changu kitakaa wapi?"

"Sebuleni."

Mama akanyoosha mkono, akaupata uso wa Mjomba, akaupapasa mashavu na kidevu. "Umekonda. Huli?" Mjomba akaanza kulia kwa kwikwi. "Haya, kata. Nusu yangu inanitosha. Bora nibaki ninapopajua."

Tulimpeleka Mama kwa shoga yake mtaa wa pili, Mjomba akaomba ruhusa kazini, akaja na nyundo na fundi mmoja. Alikihamishia kigingi chekundu kwenye mstari mpya, ubavuni mwa nyumba, akagonga kingine ubavu wa pili, akavuta uzi kati yao ukakatiza ndani ya nyumba pale chumba cha Mama kinapoishia, na chochote upande wa uwanja alikipiga. Aliubomoa ukuta alioujenga marehemu baba yangu. Sikuweza kutazama. Nilisuka watu nywele huku vumbi likitujia, na wateja, Mungu awabariki, hawakulalamika.

Lakini nyumba siyo kipande cha sabuni ukikate pale unapotaka. Fundi alituonyesha: boriti kubwa ya paa ilikuwa imeukalia ukuta ule ule uliovunjwa. Ikabidi ukuta mpya uingie ndani zaidi, sebuleni, na mwingine wa kuusaidia uzibe njia ya jikoni. Jiko likahamia kwenye kona. Mlango wa mbele ukasogezwa pembeni, kwa sababu pale ulipokuwa palipasuka. Kila alichogusa kilidai kingine. Siku ya mwisho kulikuwa na chumba kimoja tu chenye kitanda, meza, jiko, kiti cha Mama na kibaraza changu nje.

Mjomba akalitandika zulia. Akalipima. Akalikunja, akalitandika kwa upande mwingine. Akasogeza kitanda, akasogeza meza juu ya kitanda, akaishusha. Alikuwa anatafuta nafasi ya mkono mmoja kila upande. Ilipatikana kushoto, ikakosekana kulia. Nilimwona akilala kifudifudi sakafuni na futi lake, akipima upya mahali alipopima muda huohuo.

"Mjomba, acha. Haiingii."

"Itaingia."

"Haiingii, Mjomba."

Tukamrudisha Mama asubuhi, akiwa amevaa gauni lake zuri. Tingatinga lilikuwa limeshafika bondeni, tulilisikia likikwangua. Njiani Mjomba alimweleza mabadiliko yote, jiko liko huku, kitanda kiko kule, hatua moja hivi, nyingine hivi. Mama anaitikia, "Nimesikia, nimesikia." Mlangoni akauondoa mkono wa Mjomba.

"Niachie. Nyumba yangu naijua."

Akasimama kizingitini, akanyoosha mgongo. "Mnara, naomba ruhusa ya kutua."

Mjomba aliinama kulinyoosha zulia. Nikajibu mimi, "Ruhusa, Mama."

Akaenda. Alikwenda kwa kasi yake ileile, kifua mbele, na miguu yake ikanyoosha moja kwa moja kuelekea chumbani kwake, kama ilivyofanya miaka yote. Mkono ukagonga ukuta mpya. Akaupapasa juu, akaupapasa chini, akitafuta mlango. Akageuka, goti likagonga kitanda. Akageuka tena, kiganja kikatua juu ya jiko, akakirudisha haraka ingawa halikuwa na moto. Zulia limempotea. Akabaki katikati, mikono mbele, anazunguka polepole, na uso wake ukawa ule wa zamani, wa siku za kwanza za giza.

"Dada, simama hapo hapo, nakuja," Mjomba alisema.

"Mmenileta kwa nani?"

"Hapa ni kwako, Dada."

"Usinifanyie mchezo, mdogo wangu. Nimechoka. Nirudishe nyumbani."

Nikamwita, Mama, ni hapa, shika mkono wangu, hiki hapa kiti chako. Akanisukuma. Hajawahi kunisukuma maishani mwangu. "Nirudishe nyumbani!" Na akaanza kulia kwa sauti, mama yangu ambaye hakulia hata siku daktari alipomwambia kuhusu macho.

Mjomba akamshika mkono. Hakubishana naye tena. Akamtoa nje taratibu, akamzungusha ubavuni mwa nyumba, mimi nyuma yao, mpaka wakafika kwenye kigingi chekundu. Mbele yao palikuwa peupe. Pale kilipokuwa kitanda, tingatinga lilikuwa linasawazisha udongo, likienda na kurudi. Mjomba akasimama. Futi lilikuwa mfukoni mwake, nililiona limetuna.

Mama akampapasa mkono, akausikiliza upepo wa uwanjani.

"Bado ni mbali?" akauliza.